Paka wa Kiajemi "amekwama Wilson": nilipe tena au niache?

Swali: Assalaam aleikum. Niko Langoni, Lamu. Binti yangu anatamani paka wa Kiajemi, nikampata mmoja kwenye Facebook: mweupe, macho ya buluu, ana wiki 7, na tangazo linasema amemaliza chanjo zote hadi ya kichaa cha mbwa. Muuzaji anasema yuko Kileleshwa, Nairobi. Bei shilingi 10,000. Nimetuma arbuni ya 5,000 kwa M-Pesa. Jina lililotokea si lake, akaniambia ni la mhasibu wake. Leo asubuhi nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa "kampuni ya usafirishaji": paka yuko uwanja wa ndege wa Wilson, hapakiwi bila kreti maalumu yenye kipimajoto, shilingi 9,800, na kati yake 9,000 nitarudishiwa akitua uwanja wa Manda. Nisipolipa kufikia kesho nitashtakiwa kwa kumtelekeza mnyama. Je, nilipe? Na kama ni matapeli, mtu wa Lamu atanunuaje paka wa mbali asiliwe pesa?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada. Usilipe. Hakuna paka Wilson, hakuna kreti, wala hakuna kesi. Hilo linaonekana ndani ya maelezo yako mwenyewe.

Anza na chanjo. Mtoto wa paka huanza chanjo ya mseto, ile inayokinga panlukopenia (ugonjwa wa virusi unaoua paka wadogo) na virusi viwili vya mafua ya paka, akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akitimiza wiki 12. Paka wa wiki 7 aliyemaliza zote hayupo. Mfugaji wa kweli anaijua ratiba hii kwa sababu ndiye anayelipa gharama zake. Anayetunga tangazo huandika tu maneno anayojua yatamtuliza mnunuzi.

Kisha kreti. Mnyama anayesafirishwa kwa ndege hukabidhiwa na anayemtuma. Yeye ndiye anayekwenda kwenye ofisi ya mizigo, akiwa amekuja na kreti yake, analipa pale kaunta na kupewa risiti. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, za kusafirisha wanyama hai zinataka mnyama aweze kusimama, kugeuka na kulala vizuri ndani ya kreti, na hewa ipite. Kreti ya namna hiyo ni kifaa cha kawaida cha plastiki kinachouzwa madukani. Hakuna shirika la ndege linalompigia mpokeaji aliyeko Lamu alipie kreti kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Hiyo ahadi ya kurudishiwa 9,000 ndiyo chambo chenyewe. Imewekwa ili akilini mwako uone unalipa 800 tu. Kama unataka kuyaona mambo yalivyo, mwandikie muuzaji hivi: "Kwa kuwa 9,000 zinarudi, zilipe wewe, paka akifika nitakupa 800 zako pamoja na salio la 5,000." Mtu mwenye paka na aliyekwisha kupokea nusu ya bei ana sababu ya kufikiria. Tapeli atakujibu kwa hasira, au kwa picha ya mnyama aliyefungiwa gizani.

Na mashtaka? Huwezi kumtelekeza mnyama ambaye hujawahi kukabidhiwa. Vitisho hivi huja pale tapeli anapohisi mteja ameanza kusita, na mara nyingi hubeba jina la polisi, KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) au forodha.

Kwanza yafanye ya leo, kwa sababu saa zinahesabika.

Piga simu huduma kwa wateja ya Safaricom, namba 100 au 234, useme umetapeliwa, utaje msimbo wa muamala uliomo kwenye ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe huohuo usambaze kwenda 456, ambayo ni njia ya kuomba muamala urudishwe. Nikuambie ukweli: 456 husaidia zaidi aliyekosea namba, na pesa zikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Matapeli huzitoa upesi. Hata hivyo, omba, maana wapo wanaoziacha kwenye laini kwa saa kadhaa. Namba ya tapeli iripoti pia kwa kuituma 333.

Usimfungie tapeli bado, wala usimwambie umemgundua. Kwanza piga picha za skrini: tangazo lenyewe, anwani ya ukurasa, mazungumzo yote tangu salamu, namba zote zilizotumika, na jina lililotokea wakati wa kutuma. Ukimtukana leo, kesho ukurasa umefutwa na ushahidi umekwenda nao. Kisha piga *334#, uombe taarifa ya M-Pesa ya mwezi huu. Vichapishe, uende kituo cha polisi cha Lamu ukaandikishe, na usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa kuwa ndiyo utakayoulizwa kila mahali baadaye. Kujipatia mali kwa ulaghai ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake ni hadi miaka 3, na ipo pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, wana namba ya bure ya kupokea taarifa, 0800 722 203. Wengi huona aibu kuripoti shilingi 5,000. Ripoti tu: laini hiyohiyo huenda imewala watu wengine, na taarifa moja moja ndizo zinazojenga kesi.

Ukishaandika malalamiko yako hadharani, jihadhari na wimbi la pili. Atatokea mtu kwenye maoni au WhatsApp akijiita mpelelezi wa mtandao au mfanyakazi wa Safaricom, adai atazirudisha pesa zako kwa ada ndogo. Huyo ni tapeli mwingine, au ni yuleyule kwa jina jingine. Pia unaweza kupata ujumbe wa "umepokea" shilingi kadhaa, ukifuatwa na simu ya kukuomba urudishe zilizozidi. Usiamini ujumbe, angalia salio lako.

Sasa tuje kwenye kazi ya matapeli hawa inavyokwenda, maana ukiielewa hutahitaji kukariri dalili. Bei ya mnyama si faida yao kuu. Ile 5,000 ya kwanza ni kipimo cha kujua kama unaweza kutuma pesa kwa kitu usichokiona. Faida iko kwenye yanayofuata: kreti, kisha bima, kisha cheti cha afya, kisha karantini, kisha chakula cha siku alizokaa uwanjani. Kila ada ni kubwa kuliko iliyotangulia au karibu nayo, kila moja inasemekana ya mwisho, na kila uliyoilipa inakufanya uone uchungu kuziacha za nyuma zipotee. Desemba 2020 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kumshtaki raia wa Cameroon aliyekuwa Romania kwa madai ya mtindo huuhuu: watoto wa mbwa mtandaoni, kampuni bandia ya usafirishaji, kisha wanunuzi kudaiwa pesa zaidi kwa kisingizio kwamba mbwa ameguswa na korona. Kisingizio hubadilika kulingana na majira. Ngazi za ada ni zilezile.

Mtu wa Lamu au wa Malindi ni windo zuri kwao kwa sababu moja: umbali. Tangazo likisema mnyama yuko Nairobi, mkaazi wa Nairobi atasema "nakuja jioni", na hapo utapeli unakufa. Wewe husemi hivyo. Kwa hiyo dawa yako ni kuupunguza umbali kwa kutumia mtu, na mengine yote ni ya kuchuja mapema usije ukamchosha mtu huyo bure.

Chujio la kwanza ni picha. Hifadhi picha ya tangazo, ifungue kwenye Google Lens au TinEye, uone imetokea wapi kwingine. Ukikuta paka huyohuyo anauzwa Texas na Manila, umemaliza. Usipokuta kitu, bado hujathibitisha lolote: matapeli huigeuza picha kulia kuwa kushoto au kuikata kingo ili isitambulike, kwa hiyo igeuze nawe ujaribu tena. Nakili pia sentensi moja ndefu ya tangazo, uitafute ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Matangazo haya hunakiliwa neno kwa neno, makosa ya tahajia yakiwemo.

Zamani tulikuwa tunawaambia watu waombe picha ya mnyama pembeni mwa karatasi yenye jina lao na tarehe. Siku hizi haitoshi, kwani akili unde inaitengeneza picha hiyo kwa dakika moja. Omba simu ya video ya moja kwa moja, na ndani yake uombe mambo usiyoyataja kabla: amshike paka mkia, afungue mdomo uone meno, amweke karibu na mama yake, kisha atoke naye mlangoni uone nje. Anayesema kamera imeharibika huku akikutumia video zilizorekodiwa amekujibu tayari.

Ukurasa wa Facebook una sehemu ya uwazi inayoonyesha ulifunguliwa lini, umewahi kubadilishwa jina mara ngapi, na wanaouendesha wako nchi gani. Ukurasa uliokuwa wa viatu mwaka jana na leo ni wa paka wa kifahari, uache. Namba ya WhatsApp inayoanza kwa +237 ni ya Cameroon, hata kama picha ya wasifu ni ya mtaa wa Nairobi. Namba ya +254 nayo isikutulize: laini husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine kila siku.

Hapo ndipo jina la M-Pesa linapokuwa na thamani. Huduma ya Hakikisha hukuonyesha jina kabla pesa hazijaondoka, nawe una nafasi ya kughairi. Uliona jina jingine, na moyo wako ulikuambia. Mhasibu, dereva, shemeji, "laini ya biashara imefungwa": yote hayo ni sababu ya kughairi. Kanuni isiyo na msamaha ni kwamba jina la M-Pesa, jina la kwenye kadi ya chanjo kama mwenye mnyama, na jina la anayezungumza nawe yawe mamoja, au akueleze kwa hati, si kwa maneno.

Kadi ya chanjo nayo ina siri zake. Kwa kawaida chupa ya chanjo huwa na kibandiko chenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na daktari hukibandua akakibandika kwenye kadi pembeni ya sahihi na mhuri. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tupu bila kibandiko itilie shaka. Kisha chukua jina la daktari. Madaktari wa mifugo Kenya husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, na orodha yake unaweza kuiulizia. Tafuta namba ya kliniki mwenyewe, usiipige iliyoandikwa kwenye kadi, umwulize daktari: "Je, paka huyu mmemchanja nyinyi?" Simu hii ya dakika mbili huwaokoa watu kuliko ukaguzi mwingine wote wa mtandaoni.

Ukiambiwa mnyama ameshapakiwa kwenye ndege ya shirika kubwa, omba namba ya hati ya mzigo wa ndege. Ina tarakimu 11: 3 za mwanzo ni za shirika (706 ni Kenya Airways), 7 ni za mzigo, na ya mwisho ni ya uhakiki. Gawanya zile 7 kwa 7. Baki lazima lilingane na tarakimu ya mwisho. Chukua 1234567: ukigawanya kwa 7 linabaki 5, kwa hiyo 706-12345675 imekaa sawa, na 706-12345678 ni ya kubuni. Hata ikikaa sawa, ithibitishe kwa kulipigia shirika, kwa namba uliyoipata kwenye tovuti yao. Ndege ndogo za kutoka Wilson kuja Manda huenda zikatumia stakabadhi zao wenyewe, lakini ofisi zao zinapokea simu, na watakuambia kama kuna paka au hakuna. Kumbuka pia kwamba paka wa Kiajemi ana pua bapa, hupumua kwa tabu kwenye joto, na mashirika mengi ya ndege huwawekea vikwazo wanyama wa pua bapa. Muuzaji anayeahidi ndege bila kuligusia hilo hajawahi kumsafirisha.

Umeuliza namna ya kununua kutoka Lamu. Tafuta ndugu, jirani au mwanafunzi wa kwenu aliye Nairobi au Mombasa. Usimtaje mwanzoni. Mazungumzo yakishafika kwenye bei, andika: "Ndugu yangu yuko hapo karibu, atakuja leo saa tisa kumwona." Mwenye paka atapanga saa nyingine au atasema karibu. Tapeli ghafla amesafiri, au paka yuko kwa daktari, au mlinzi wa geti hataki wageni mpaka arbuni ilipwe. Wengine hutoa anwani ya fleti ya kweli wasiyoishi, ndugu yako afike getini, simu ikatike. Asitume hata shilingi akiwa hapo getini.

Makutano mazuri zaidi ni kliniki ya mifugo, mchana, kwa miadi mliyoiweka nyinyi. Gharama ya kuonwa na daktari mlipe nyinyi, mnyama asipokuwa na kasoro bei ilipwe palepale kwa M-Pesa. Msibebe fedha taslimu. Mwenye mali halisi akikataa kliniki, ndugu yako aende nyumbani kwake akiwa na mwenzake, na amwone mama wa paka, kwani asiyeonyesha mama mara nyingi amemnunua mahali pengine, hata kama si tapeli.

Ndugu yako akishamshika, aangalie mambo machache. Macho makavu, pua safi, fizi za rangi ya waridi. Masikioni kusiwe na unga mweusi kama vumbi la kahawa, hiyo ni dalili ya utitiri. Tumbo lililojaa kama mpira juu ya mbavu nyembamba ni minyoo. Nyuma pawe pakavu. Amweke kwenye mizani ya jikoni: mtoto wa paka huongezeka takribani gramu 450 kwa mwezi, kwa hiyo wa wiki 8 awe karibu gramu 900, na wa wiki 12 karibu kilo 1.3. Anayesemwa ana miezi 3 na ana gramu 600, ama umri ni wa uongo ama ni mgonjwa. Asichukuliwe aliye chini ya wiki 8. Wiki ya 12 ndiyo nzuri zaidi.

Na hayo macho ya buluu. Paka wote huzaliwa na macho ya buluu, na rangi yao ya kudumu huanza kujitokeza baada ya wiki 6 au 7. Kumlipia paka mdogo ziada kwa sababu ya buluu ni kulipia kitu ambacho huenda kikageuka njano. Wale weupe ambao buluu hubaki, wengi wao ni viziwi. Mtu apige makofi nyuma ya kichwa chake bila kumgusa, mahali asipoona mikono, muone kama atageuka.

Kuhusu safari ya kuja kisiwani, akipatikana Mombasa ni afadhali kuliko Nairobi, na mtu akija naye mkononi hadi Mokowe na kuvuka naye kwa boti ni afadhali kuliko kumtuma kama kifurushi kwenye basi. Kifurushi cha basi hukaa kwenye buti, na joto la buti linaua paka wa pua bapa. Kikapu chenye kifuniko kinachofungwa, kitambaa chenye harufu ya mama yake, maji kidogo kila gari inaposimama, chakula kidogo saa chache kabla ya kuondoka.

Neno la haraka kwa wanaotafuta kasuku, maana Pwani wanapendwa na matangazo yao ni mengi. Kasuku wa kijivu aliingizwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na uamuzi huo ulianza kazi Januari 2017. Kumfuga Kenya kunahitaji kibali cha KWS. Asiye na hati za KWS ama ni tapeli ama anakuuzia kesi. Kobe vilevile. Kwa mbwa wa ukoo, kama yule mchungaji wa Kijerumani (German Shepherd) wanaomtafuta wenye mashamba Malindi, karatasi za ukoo huthibitishwa na East African Kennel Club, Nairobi. Usisome karatasi tu, wapigie.

La mwisho, dada, nakuambia kwa kuwa binti yako ndiye atakayempenda. Paka wa Kiajemi ana manyoya marefu yanayohitaji kuchanwa kila siku, na unyevu na joto la Lamu humtesa: manyoya hufungana, ngozi huwasha chini yake, na mchana hupumua kwa shida kwenye nyumba isiyo na feni. Kama unaweza kumhudumia hivyo, mnunue kwa njia tuliyoieleza. Kama huwezi, paka wa Lamu wenyewe, wale wembamba wenye miguu mirefu, wamezoea hewa hii, na ni wengi mitaani wanaohitaji mlango wa kuingia. Chagua mtoto wa wiki 8 au zaidi anayekujia mwenyewe. Mpe dawa ya minyoo wiki hiyohiyo, umpeleke kwa daktari wa mifugo aanze chanjo ya kwanza. Uulize pia siku ya kumhasi. Hufanywa akiwa na takribani miezi 4 hadi 6, kabla hajaanza kuzaa.